Nahau za Kiingereza zinazochanganywa: ipi useme, na kwa nani

Kamusi itakuambia kwamba "pass away" ni kufa na "kick the bucket" ni kufa. Ukiishia hapo, unaweza kumtumia mfiwa rambirambi yenye maneno ambayo watu huyasema wakiwa kwenye utani. Maana umeipata, lakini umemtonesha mtu kidonda. Orodha za nahau na maana zake zimejaa kila kona. Anachokikosa mtu anayemwandikia bosi barua pepe, anayejiandaa kwa usaili, au anayejibu meseji ya ndugu aliyeko Leeds au Houston, ni kujua achukue ipi kati ya mbili zinazofanana. Nimezipanga kwa namna zinavyogongana katika mazungumzo ya kawaida. Kila ninapochagua huwa natazama mambo mawili: jambo lenyewe lina uzito gani, na anayesikia ni nani.

Msiba: "pass away", "kick the bucket", "bite the dust"

"Pass away" ni kufariki, kuaga dunia. Iweke popote: kwenye tangazo la msiba, ofisini, mbele ya wazee, hata kwa mtoto aliyefiwa na bibi yake. Haijawahi kumuumiza mtu.

"Kick the bucket" iko ngazi moja na "kudanja". Mtu anaweza kuitumia juu yake mwenyewe, kwamba kabla hajaondoka duniani anataka apande Mlima Kilimanjaro, na kutoka hapo ndipo lilipozaliwa jina "bucket list", ile orodha ya mambo ya kufanya kabla ya kufa. Juu ya marehemu wa mtu mwingine, usithubutu. Hata kama wewe na mfiwa mnataniana siku zote, siku ya msiba si siku hiyo.

"Bite the dust" siku hizi imehamia zaidi kwa vitu. Kampuni imefilisika, simu imezima isiwake tena, timu imetolewa kwenye mashindano: hapo inakaa vizuri kabisa. Kwa binadamu aliyekufa kweli, iache.

Ugonjwa: "under the weather" na "at death's door"

Hizi zina pengo kubwa katikati, na watu wa kwetu huliangukia. "Under the weather" ni mafua, kichwa kinagonga, mwili mzito. Ni mtu wa kesho atakuwa amerudi kazini. "At death's door" ni mahututi. Sasa chukua mtu aliyeshikwa na malaria, ametundikiwa dripu, anamwandikia meneja aliyeko Uingereza kwamba yuko "under the weather". Meneja atamtakia nafuu ya haraka, na jioni atamuulizia ile ripoti. Hapo hakuna nahau inayofaa. Andika ugonjwa kwa jina lake, sema umelazwa, na utaje siku unazohitaji.

Nadra au haiwezekani: "once in a blue moon" na "when pigs fly"

Ya kwanza ni kwa nadra, ya pili ni kamwe. Mwezi wa buluu unaosemwa hapa una hesabu yake. Kwa maana iliyozoeleka leo ni mwezi mpevu wa pili ndani ya mwezi mmoja wa kalenda, jambo linalotokea kila baada ya miaka miwili na nusu hivi. (Maana hiyo yenyewe ilienea kutokana na makala ya jarida la Marekani la elimu ya nyota, Sky & Telescope, la mwaka 1946, iliyokuwa imeikosea hesabu ya zamani ya almanaka. Nahau ni ya zamani kuliko makala hiyo.) Kwa hiyo mteja akikuuliza kama mtandao wenu hukatika, "once in a blue moon" ni jibu la kweli: hukatika, ila si mara kwa mara.

"When pigs fly" haina kipimo kwa sababu nguruwe haruki. Ni yule fisi anayemfuata mtu akingoja mkono udondoke. Tena ndani yake mna kejeli. Mkiwa wawili mnamzungumzia mdaiwa sugu, mmoja akauliza atalipa lini, jibu hili litaeleweka na mtacheka. Lakini mtu akikuomba kitu ana kwa ana ukamjibu hivyo, umemkatalia na kumdhihaki kwa pamoja. Ukitaka kukataa, kataa kwa neno la kawaida.

Muda: "at the eleventh hour" na "in the nick of time"

Hapa Mswahili ana faida ambayo Mwingereza hana. "Eleventh hour" imetoka katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, kwenye mfano wa mwenye shamba la mizabibu aliyetoka alfajiri kutafuta vibarua, akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Kijana wa London akisikia saa ya kumi na moja, saa yake ya mkononi inamwonyesha muda ambao sisi tunauita saa tano. Inabidi aelezwe kwamba watu wa zama zile walihesabu tangu jua linapochomoza. Wewe huhitaji maelezo. Saa kumi na moja ni jioni, vivuli vimerefuka, imebaki saa moja tu giza liingie, na kibarua aliyeitwa muda huo amefanya kazi ya saa moja basi. Ndiyo maana wale wa alfajiri walinung'unika walipoona ujira uko sawa.

Kwa hiyo "at the eleventh hour" ni dakika za lala salama. Inasema jambo limefanyika mwishoni kabisa, wala haisemi kama ni la heri au la shari. Wafanyakazi na mwajiri wanaweza kufikia mapatano "at the eleventh hour" mgomo ukaepukwa, na mwenye ukumbi anaweza kubadilisha bei "at the eleventh hour" akakuharibia harusi. Zote mbili ni Kiingereza safi.

"In the nick of time" siku zote ni wokovu. Ni nusura, ni chupuchupu. Gari la wagonjwa limefika wakati mgonjwa angali na pumzi. Mtoto amedakwa kabla hajatumbukia kisimani. Ukisema harusi yako iliahirishwa "in the nick of time", msikilizaji ataelewa kwamba uliponea kuoa au kuolewa na mtu mbaya, na atataka kusikia kisa chote. Jiulize swali hili: kama jambo lisingetokea wakati ule, kuna mtu angeumia? Kama ndiyo, chukua "nick of time". Kama ulikuwa ni uchelewaji tu, "eleventh hour" inatosha.

Ugumu: "bite the bullet" na "face the music"

Nimeona hizi mbili zikitumika kama pacha, na tofauti yake inaweza kuvunja uhusiano wa kazi. "Bite the bullet" ni kupiga moyo konde, kujikaza kisabuni, ukafanya jambo chungu ulilokuwa ukilikwepa: kung'oa jino, kupunguza bajeti, kumwambia baba kwamba unaacha chuo. Anayeambiwa hivyo hajakosa lolote.

"Face the music" inamwendea aliyekosa. Ni kuvuna ulichopanda, kusimama mbele ya waliokuita na kujibu. Mhasibu aliyekula fedha za kikundi, mwanafunzi aliyekamatwa na kibomu kwenye mtihani, hao ndio wa "face the music". Ukimwandikia mwenzako kwamba kesho kwenye kikao "you will have to face the music" ilhali ulitaka kumtia moyo kwa sababu ana taarifa ngumu ya kuwasilisha, umemhukumu. Na kwa kuwa ni maandishi, atayasoma mara ya pili na ya tatu. Kwa kumtia moyo chukua "bite the bullet".

Kukemea: "read the riot act" na "give someone a piece of your mind"

Ya kwanza ilikuwa sheria kweli. Mwaka 1715 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuzuia ghasia, nayo ikaanza kutumika mwaka huohuo. Watu 12 au zaidi wakikusanyika kwa fujo, hakimu au ofisa wa mji alisogea karibu nao kadiri usalama ulivyoruhusu, akaamuru kimya, kisha akasoma kwa sauti kuu tangazo fupi kwa jina la mfalme: tawanyikeni, rudini kwenye makazi yenu au kwenye shughuli zenu halali. Alimalizia kwa kumwombea mfalme kwa Mungu. Kuanzia hapo walikuwa na saa moja. Waliobaki pamoja baada ya saa hiyo walihesabiwa wahalifu, na adhabu yake ilikuwa kifo.

Ukilijua hilo, hutaitumia nahau hii ovyo. Ndani yake lazima kuwe na vitu vitatu: mwenye mamlaka, kosa linaloendelea, na onyo kwamba msipoacha kuna kitakachofuata. Mkuu wa shule aliyeingia bweni la kidato cha tatu saa sita usiku akakuta kelele, meneja wa usafirishaji aliyewaita madereva wote kwa sababu ya mwendo kasi, mama aliyewakuta wanawe wakichezea umeme: hao wamewasomea watu "the riot act". Vijana wa Dar es Salaam wangesema waliokemewa wamepigwa biti. Karani hawezi kumfanyia hivyo mkurugenzi. Mamlaka hana.

"Give someone a piece of your mind" haitaki cheo. Ni kumpa mtu vidonge vyake. Mpangaji anaweza kumpa mwenye nyumba, abiria akampa konda, mdogo akampa mkubwa akikubali gharama yake. Hapa hakuna onyo, kuna hasira iliyotolewa ikaisha. Kwa maana hiyo, ukiandika ripoti ya kazini kuhusu karipio rasmi, usiseme meneja "gave them a piece of his mind", kwa sababu utamchora kama mtu aliyeshindwa kujizuia. Kwenye ripoti, hata "riot act" yenyewe ni ya mazungumzo zaidi. Andika kwamba aliwaonya.

Siri: "spill the beans", "let the cat out of the bag", "blow the whistle"

Mbili za kwanza zinakaribiana sana. Zote ni kutoboa siri, na mara nyingi ni siri nyepesi: sherehe ya kumshtukiza mtu, jina la mtoto, nani kaposwa. Tofauti ninayoisikia ni kwamba paka hutoka mfukoni kwa bahati mbaya, ulimi umeteleza. Maharage yanaweza kumwagika kwa kuteleza au kwa makusudi. Ndiyo maana unaweza kumbembeleza mtu "come on, spill the beans", yaani hebu tuambie, lakini ukimbembeleza mtu amtoe paka mfukoni inasikika vibaya. Sisi tunaye anayemwaga mtama kwenye kuku wengi, na huyo yuko karibu zaidi na maharage.

"Blow the whistle" si ya kundi hili, ingawa orodha nyingi huiweka hapa. Huyu anafichua uovu, kwa wenye mamlaka au kwa umma, na mara nyingi anahatarisha kazi yake au usalama wake. Tanzania ilitunga sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi mwaka 2015, na Kiingereza cha sheria hiyo kinatumia neno hilohilo la filimbi. Mtu aliyefichua wizi wa dawa za hospitali usimwambie "spilled the beans". Unamfanya mmbeya, na alistahili heshima.

Tembo wawili

"White elephant" ni kitu cha gharama kubwa kisicho na manufaa, ambacho mwenye nacho hawezi kukiacha wala kukilisha. Husimuliwa kwamba wafalme wa Siam, Thailand ya leo, walimpa tembo mweupe mtu waliyetaka kumfilisi: mnyama alikuwa mtakatifu, huwezi kumfanyisha kazi, huwezi kumtoa, na anakula kila siku. Magazeti ya Kiingereza ya Afrika Mashariki huipenda nahau hii, na huipachika hata kwa jengo lililoishia kwenye msingi. Kwa maoni yangu hapo inapoteza makali. Jengo lililoishia njiani ni mradi uliokwama. Tembo mweupe ni soko lililomalizika, likazinduliwa, likawa na walinzi na bili ya umeme, lakini wachuuzi wameligomea.

"The elephant in the room" haihusu gharama hata kidogo. Ni jambo ambalo kila aliye kikaoni analijua, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kulitaja. Familia inajadili ada za watoto, na wote wanajua baba ameacha kazi. Akipatikana wa kulisema, huyo ndiye amemfunga paka kengele, na Waingereza nao wana "bell the cat" kwa maana ileile. Ukichanganya tembo hawa kwenye wasilisho, ukasema uwanja fulani wa ndege ni "the elephant in the room", wasikilizaji wataanza kutazamana wakitafuta siri iliyofichwa.

Yaliyopita: "let sleeping dogs lie" na "let bygones be bygones"

Kiswahili kinazitenganisha vizuri kuliko maelezo yoyote. Ya mbwa ni "usimwamshe aliyelala". Ya pili ni "yaliyopita si ndwele, tugange yajayo". Kwa mbwa, ugomvi haujaisha. Umelala tu, na ukiuamsha utauma. Kwa "bygones", mmesameheana. Unapomwendea mtu mliyekosana mkae mezani, sema ya pili. Ukimwambia ya mbwa, unamwambia kwamba bado kuna meno.

Za haraka

"Cold feet" ni kuingiwa na woga jambo likiwa limekaribia, kama bwana harusi siku moja kabla ya ndoa. "Cold shoulder" ni kununiwa, kupuuzwa na mtu makusudi. Ya kwanza unaipata mwenyewe. Ya pili unapewa.

"Turn a blind eye" ni kulifumbia macho kosa unaloliona. Hufungamanishwa na Admirali Horatio Nelson wa Uingereza katika mapigano ya Copenhagen mwaka 1801: inasimuliwa kwamba alipopewa ishara ya kurudi nyuma, aliweka darubini kwenye jicho lililokuwa limepoteza nuru, akasema haioni ishara. "Turn a deaf ear" ni kutia pamba masikioni mtu anapokuomba au kukushauri. Trafiki anayeliacha gari bovu lipite amefanya la kwanza. Halmashauri isiyosikia kilio cha wakulima imefanya la pili.

Uingereza au Marekani

Shule zetu na vyombo vyetu vya habari vimerithi Kiingereza cha Uingereza, wakati intaneti inatulisha cha Marekani. Katika nahau hizi maana ni moja, sura ndiyo inayobadilika. Uingereza iko kushoto:

- "touch wood" / "knock on wood": husemwa ili baraka uliyoitaja isigeuke
- "a storm in a teacup" / "a tempest in a teapot": zogo kubwa kwa jambo dogo
- "blow your own trumpet" / "toot your own horn": kujisifu
- "flog a dead horse" / "beat a dead horse": kuhangaika na jambo lililokwisha
- "a drop in the ocean" / "a drop in the bucket": kiasi kidogo mno kisichosaidia kitu

Hizi hata ukizichanganya utaeleweka. Kwa mtihani na kwa gazeti la hapa, chukua za kushoto. Kwa mteja wa Chicago, za kulia. Usiweke zote mbili katika andiko moja.

Iliyo ya hatari ni "to table". Mwingereza akisema "let's table this" anataka jambo liwekwe mezani lijadiliwe sasa, na ndivyo tulivyozoea bungeni Dodoma na Nairobi kusikia muswada au hoja ikiwasilishwa. Mmarekani akisema hivyohivyo anataka liwekwe kando kwa siku nyingine. Winston Churchill aliandika katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili ya Dunia jinsi maofisa wa Uingereza na Marekani walivyobishana kwa muda mrefu, tena kwa ukali, kuhusu hati moja ambayo Waingereza walitaka "kui-table" kwa sababu ni ya haraka, na Wamarekani wakakataa katakata kwa sababu ni muhimu mno kuwekwa kando. Walikuwa wanataka kitu kimoja.

Kwa kikao chenye watu wa pande zote mbili, usiitumie kabisa. Kwenye ajenda andika "discuss today" kwa yale ya leo na "postpone to next meeting" kwa yanayosubiri, na katibu aandike vivyo hivyo kwenye kumbukumbu.